Kwa nini barabara za mashambani Muleba huchimbika, na gharama yake kwa magari ya mazao

Mkungu wa ndizi unaokatwa asubuhi katika kibanja cha Kamachumu au Nshamba huanza safari kichwani, juu ya baiskeli au nyuma ya bodaboda, kisha hupakiwa kwenye pikapu au Fuso kando ya barabara ya changarawe. Ukifika kwenye lami inayotoka Mutukula kupitia Bukoba na Muleba hadi Biharamulo na Lusahunga, umekwisha kupita sehemu ngumu kuliko zote za safari yake. Kilomita hizo chache kati ya shamba na lami ndizo zinazoamua kama mfanyabiashara atafika, atakuja na gari la ukubwa gani, na atakata kiasi gani katika bei ya mkulima ili kufidia tairi na springi atakazobadilisha.

Mara baada ya mvua, lawama hugawanyika pande mbili. Wenye magari husema barabara mbovu inaua magari yao, na wanakijiji husema magari mazito yanaua barabara yao. Kauli zote mbili ni za kweli, lakini zote zinamsahau mshiriki wa tatu, maji, ambaye ndiye huanza kazi.

Barabara ya changarawe imejengwa kwa matabaka. Chini kuna udongo wa asili, juu yake tabaka la changarawe iliyoshindiliwa, kwa kawaida la sentimita 15 hivi. Katikati huinuliwa kama mgongo ili maji yateremke pande zote mbili kuingia kwenye mitaro. Mwinamo huo ni mdogo, kati ya asilimia 4 na 6, na jicho la mpita njia huenda lisiuone, lakini ndio uhai wa barabara. Unapofutika, maji ya mvua hayana pa kwenda. Hutuama katikati, hupenya kwenye changarawe na kuulainisha udongo wa chini. Gurudumu likipita juu ya dimbwi hilo husukuma maji kwa nguvu, nayo hutoka na chembe laini zilizokuwa zikishikamanisha mawe. Gari linalofuata hukuta kijishimo. Gurudumu huanguka ndani yake na kugonga ukingo wa mbele kwa kishindo kikubwa kuliko uzito wake wa kawaida. Ndiyo maana shimo la barabarani hukua kwa urefu kuelekea upande ambako magari yanakwenda, na shimo la pili huzaliwa hatua chache mbele ya la kwanza, mahali ambapo gari lililoruka hutua.

Kwa Kagera, maji hayo si machache. Ukanda wa mwambao wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi nchini. Jirani na Bukoba hufikia milimita 2,000 kwa mwaka, na hupungua kadiri mtu anavyoelekea magharibi. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, vuli kuanzia Septemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Muleba ina miinuko mirefu inayokwenda sambamba na ziwa, na barabara nyingi hupanda na kushuka kingo zake. Kwenye mteremko, mtaro usiozuiwa mwendo wake hugeuka korongo katika msimu mmoja na kuanza kula barabara kutoka pembeni.

Kalenda ya mazao nayo haisaidii. Kahawa ya robusta huvunwa zaidi katika miezi ya kiangazi, na magari yanayokusanya maganda kutoka vyama vya msingi hupita barabara ikiwa kavu. Maharage, kinyume chake, hukomaa mwishoni mwa kila msimu wa mvua, na ndizi haina msimu. Hukatwa wiki zote za mwaka. Mzigo mzito hivyo hupita wakati udongo wa chini una nguvu ndogo kabisa.

Kuhusu uzito, wahandisi duniani bado wanarejea jaribio kubwa lililofanyika Ottawa, jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, ambapo malori yaliendeshwa mfululizo kwenye barabara zilizojengwa kwa ajili ya majaribio. Kanuni iliyotokana nalo ni kwamba uharibifu hauongezeki sawia na uzito wa ekseli. Huongezeka kwa takribani kipeo cha nne. Ekseli ya tani 2 haiumizi barabara mara mbili zaidi ya ekseli ya tani 1, bali mara 16. Ekseli ya tani 10, ambayo si ngeni kwa lori lililojazwa vizuri, huumiza mara 10,000. Kanuni hiyo ilitokana na barabara zilizosakafiwa, na kwenye udongo uliolowa hali huweza kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa pita moja ya lori huweza kuzamisha njia nzima.

Hesabu hiyo ina matokeo ambayo mwenye gari anaweza kuyatumia. Kuzidisha uzito wa ekseli kwa asilimia 20 tu huongeza uharibifu maradufu. Upande wa pili, ekseli moja ya tani 10 ikigawanywa kuwa safari mbili za tani 5, safari hizo mbili kwa pamoja huumiza barabara kwa sehemu moja ya nane tu ya ile safari moja. Ni kweli kwamba safari mbili hugharimu mafuta zaidi, na hakuna dereva atakayezifanya kwa hisani. Lakini anayepakia kupita kiasi hulipa pia, ila halipi siku ile ile. Springi hukatika, bushi huisha, shokapu huvuja, beringi hulia, rimu hupinda, na tairi hupasuka ubavuni baada ya kubanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo. Madereva wengi hujaza upepo kupita kiasi ili tairi libebe mzigo mkubwa. Tairi gumu hugusa ardhi kwa eneo dogo, na hivyo huchimba barabara zaidi huku likipokea kishindo chote bila kukipunguza.

Katika maeneo ya migomba na kahawa matrekta ni machache, kwa sababu kibanja ni zao la kudumu na hakilimwi kwa plau. Matrekta huonekana zaidi upande wa kusini wa wilaya, kwenye tambarare za mahindi na mpunga. Trekta lenyewe, likiwa na matairi mapana, halina madhara makubwa katika mwendo wake mdogo. Hatari ipo kwenye tela lake, ambalo mara nyingi lina ekseli moja isiyo na springi na hubeba magunia bila kipimo, na kwenye jembe lisiloinuliwa vizuri linapokatiza barabara. Kipande cha hatua 10 kilichokwaruzwa na jembe kinatosha kuvunja mgongo wa barabara na kukusanya maji.

Wakati wa kiangazi huja tatizo jingine, yale mawimbi madogo yanayofanya gari kutetemeka. Hutokea pale changarawe isiyo na udongo wa kutosha wa kuishikamanisha inapopitiwa na magari yenye mwendo. Gurudumu hurukaruka na kusukuma mawe kuwa vilima vidogo vilivyopangana. Madereva hukimbiza gari ili lipite juu ya vilele. Mtetemo hupungua, na pia uwezo wa kusimama na kukata kona, jambo ambalo watembea kwa miguu na watoto wa shule hulipia kwa usalama wao.

Uangalizi wa barabara hizi umegawanywa kisheria. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatofautisha barabara za kitaifa, yaani barabara kuu na za mkoa, na barabara za wilaya, ambazo ni za mkusanyo, mjazio na jamii. Za kwanza zinasimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS; barabara ya Muhutwe–Kamachumu–Muleba ni mfano wa barabara ya mkoa. Za wilaya zilikuwa chini ya halmashauri hadi mwaka 2017, ulipoanzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Fedha za matengenezo hutoka kwa sehemu kubwa kwenye Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya mafuta. Mwaka 2021 Bunge liliridhia nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Mwenye bodaboda wa Izigo anayenunua lita mbili kwa siku ni mchangiaji wa greda, na ana haki ya kuuliza linapita lini.

Wakala hupanga kazi kwa aina. Matengenezo ya kawaida hufyeka majani, husafisha mitaro na kalvati na kuziba mashimo madogo. Ya sehemu korofi hushughulikia vipande vinavyokatika mara kwa mara. Ya muda maalumu huweka changarawe upya kwenye barabara nzima. Kazi ndogo ndogo za mikono huweza kupewa vikundi vya kijamii vya wakazi wa eneo husika. Ni katika matengenezo ya kawaida ambapo fedha kidogo huokoa nyingi. Kusafisha kalvati kabla ya vuli ni kazi ya siku moja kwa watu wachache wenye majembe. Kalvati lililoziba likisombwa na maji, kijiji hukatwa na lami, na gari la wagonjwa linalokwenda Hospitali ya Rubya au Ndolage hulazimika kuzunguka, kama njia ya kuzunguka ipo.

Mitaro ndiyo chanzo cha ugomvi usiosemwa sana. Mkulima anayejaza udongo mtaroni ili pikapu iingie shambani mwake huyarudisha maji barabarani, na anayepanda migomba hadi ukingoni huziba njia yake. Hata hivyo, si kila anayeziba mtaro ni mkorofi. Wapo wenye vibanja ambao mchirizi wa barabara umeelekezwa moja kwa moja kwenye migomba yao, na mvua moja kubwa huondoka na samadi ya miaka. Ukimwambia mtu wa namna hiyo alinde barabara, unamwambia apoteze shamba. Ufumbuzi wa kihandisi unajulikana: michirizi mingi iliyo karibu karibu, kila mmoja ukitoa maji machache, vizuizi vya mawe vya kupunguza kasi mtaroni, na nyasi zenye mizizi mirefu kwenye mdomo wa mchirizi. Mahali ambapo mchirizi utaelekea panapaswa kukubaliwa na mwenye ardhi kabla ya greda kufika, kwa kuwa baada ya kazi kuisha jembe la mkono husahihisha kwa njia yake. Anayehitaji njia ya kuingia shambani anapaswa kuomba kalvati dogo au kuweka mawe yanayopitisha maji chini.

Wengi hushangaa pia kuona greda likikwangua vumbi mwezi Agosti na barabara ikiharibika Oktoba. Changarawe hushindiliwa vizuri ikiwa na unyevu wa kiasi. Ikiwa kavu kabisa, huhitaji gari la maji, la sivyo mawe hubaki yamelegea na kusombwa na mvua ya kwanza. Muda unaofaa ni mwishoni mwa masika, udongo ukiwa bado na unyevu. Lakini mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na zabuni huchukua muda wake, hivyo mkandarasi huweza kukabidhiwa eneo wakati vuli inakaribia. Hapo usimamizi wa kumwagilia na kushindilia ndio unaotofautisha barabara ya mwaka mmoja na ya miezi miwili, na wakazi wanaweza kuuliza kama maji yamemwagwa na mtambo wa kushindilia umepita.

Mwananchi anayetaka kutoa taarifa ya shimo au kalvati lililoziba anaweza kuanzia kwa mtendaji wa kijiji au kata, diwani wake, au kwenda moja kwa moja ofisi ya TARURA ya wilaya; kwa barabara ya mkoa, TANROADS mkoani Kagera. Taarifa inayofanyiwa kazi haraka hutaja jina la barabara, eneo mahususi, ukubwa wa shimo, na jambo ambalo wengi hulisahau: maji yanatoka wapi na yanasimama wapi. Shimo lililozibwa bila maji yake kuondolewa hurudi msimu ule ule.