Masafa ya London na Paris, na Hesabu ya Muda Wake

Wengi katika sisi tuliohamia Ulaya tumepata kuulizwa na jamaa aliyeshukia London, naye ana ndugu wa kumzuru Paris, kwamba baina ya miji hii miwili pana mwendo gani kwa ndege. Na jibu ambalo aghalabu hupewa, yaani saa moja na robo au zaidi kidogo, ni sahihi kwa tiketi lakini ni pungufu kwa msafiri.

Kwa mstari ulionyooka, masafa yenyewe ni kilomita 344 hivi, ambazo ndege iendayo kilomita 800 kwa saa ingezimaliza kwa muda usiofika nusu saa. Walakini mwendo huo kamili haiupati ila kwa kitambo kidogo, maana ikiisha kupanda huwa imekwisha karibia pa kuanza kushuka. Na muda wa ratiba hauhesabiwi tangu magurudumu yanapoacha ardhi, bali tangu ndege inapong'oka kituoni pake hata inaposimama kituoni pa uwanja wa pili, pamoja na foleni ya kuruka na kule kujikokota baada ya kutua. Arudiye London naye huenda akazungushwa juu ya Biggin au Lambourne, ambako ndege hupangwa moja juu ya nyingine zikingojea zamu ya Heathrow.

Tarehe 25 Agosti 1919, ilipofunguliwa huduma ya kila siku baina ya miji hii, ndege ndogo ya De Havilland iliondoka Hounslow ikiwa na abiria mmoja, magazeti, malai ya Devonshire na ndege wa kuwindwa, ikawasili Le Bourget baada ya saa mbili na nusu. Tangu siku hizo kasi ya ndege imezidi mara nne, ilhali muda wa safari umepungua kwa nusu tu.

Tena ziko saa za ukutani. Aondokaye London saa nne asubuhi huandikiwa kufika Paris saa sita na dakika ishirini, na aondokaye Paris saa nne hufika London saa nne na dakika ishirini, kwa kuwa Ufaransa imetangulia kwa saa moja. Kwa hesabu ya jua tofauti ya miji hii haifiki dakika kumi. Iliyobaki ni athari ya vita, kwani mwaka 1940 Wajerumani walioiteka Paris waliilazimisha kufuata saa za Berlin, na amani iliporejea Wafaransa hawakuziacha.

Ama uwanja wa Heathrow uko magharibi ya London, hali Paris iko kusini-mashariki, basi abiria wa katikati ya mji huanza safari kwa kuipa Paris mgongo. Na uwanja wa Charles de Gaulle nao uko kilomita 25 hivi nje ya Paris. Ndiyo sababu treni ipitayo chini ya bahari tangu 1994, ijapokuwa njia yake ni kilomita 492, hushindana na ndege bila taabu: safari yake ya haraka ni saa mbili na dakika 16, kutoka St Pancras hata Gare du Nord, na pasi hukaguliwa na maafisa wa Kifaransa papo hapo London. Basi jamaa akiuliza mwendo, na aulizwe kwanza atatoka mtaa gani na kufikia mtaa gani, ndipo apewe hesabu.