KABLA YA KUMLAUMU KARANI, PIMENI BAFA



Katika baadhi ya mashamba ya chai, uzito wa majani huandikwa na mizani ya umeme, kisha hesabu hutumwa kwa seva, yaani kompyuta kubwa ya makao makuu. Hesabu zikichelewa, mshahara nao unachelewa, na lawama humwangukia karani. Sisi wa chama tunasema: kwanza pimeni bafa.

Bafa ni ghala ndogo ndani ya kompyuta. Iko moja upande wa kutuma na moja upande wa kupokea. Chukueni mfano wa shamba lililoamriwa kupeleka magunia kumi tu kiwandani, kisha lingoje stakabadhi irudi. Hata barabara ikipanuliwa, mzigo hauongezeki, kwa sababu lori linangoja karatasi. Kompyuta nazo hungoja hivyo hivyo.

Tufanye hesabu. Setilaiti ikiwa juu kilomita 35,786, habari kwenda na jibu kurudi huchukua kama sekunde 0.6. Njia ya megabiti 10 hubeba herufi 1,250,000 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.6: bafa yapaswa kushika herufi 750,000. Kanuni ya mwaka 1981 iliweka kikomo cha 65,535. Kwa kikomo hicho hupita kama herufi 109,000 tu kwa sekunde, chini ya sehemu moja ya kumi ya njia inayolipiwa.

Mwaka 1992 kanuni ilipanuliwa, kikomo hicho kikaweza kuvukwa. Siku hizi mfumo wa Linux huongeza bafa wenyewe, lakini hauvuki kipimo alichoweka fundi. Tena, programu ikijipangia kipimo chake, nyongeza hiyo husimama.

Wala tusidhani kwamba kubwa ndiyo bora. Kila mteja wa seva hupewa bafa yake; wakiwa elfu, kumbukumbu ya mashine huliwa bure.

Basi, wajumbe wa matawi, mkiitwa mezani kwa habari ya karani kuachishwa kazi, ulizeni mambo matatu: Njia ina uwezo gani? Jibu hurudi baada ya muda gani? Bafa za pande zote mbili ni kiasi gani? Fundi arekebishe, apime tena mbele yenu. Asiyepima asimfukuze mtu.

Umoja ni nguvu.