Kupanga matanga yako si kuita lufu

Wandugu wafanyakazi, wachimbaji, na siye wote tunaokula jasho la mugodi, na mama zetu wa mu kampi na mu sité: leo tunaleta neno ambalo mu nyumba mingi halipendwi. Siku tutakufa, nani atasema tuzikwe wapi, kwa feza gani, na nani atabakia mu nyumba?

Siye wa sendika tunaingia mu vilio mingi. Tunabeba sanduku, tunasoma salamu za wenzake wa kazi, tunachanga. Na tunaona kama shida kubwa haiko siku ya kuzika. Inaanza mbele yake, wakati wa kubishana, na inaendelea kisha, wakati hema inatoshwa na viti vinarudi kwa mwenyewe.

Mambo iko vile kila mara. Mutu amekufa Kolwezi. Ndugu za baba wanataka apelekwe Mwene-Ditu, kwa babu zake. Bibi na watoto wanataka azikwe hapa hapa, wapate kufagia kaburi. Mujomba anafika, anasema yeye njo mukubwa. Wakati wanabishana, morgi inahesabu siku, na watu wanaolala ku kilio wanahitaji bukari asubui na mangaribi. Ile feza ya mwisho ya kazi inaingia, inalipa madeni ya matanga, inaisha. Mujane anabakia na watoto, na minerval ya shule haijalipwa.

Zamani wazee wetu waliacha mambo hii ku mukono wa kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, na kisha Gécamines, ilitoa nyumba, hospitali, shule, na unga. Watu walisema kampuni njo baba, njo mama. Lakini mu mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka ku kazi kwa ile tuliita départs volontaires. Leo wengi wetu tuko mu sutretansi, na kontra ya miezi michache. Wachimbaji wa mukono, wao hata kontra hawana. Baba na mama ameenda, tupange wenyewe.

Wengine watasema: kusema juu ya kaburi yako ungali muzima ni kujiloga. Tunaheshimu wazee, lakini tunauliza: asubui ukivaa kofia ya kazi, unaita jiwe likuangukie? Ukifunga mukaba wa usalama, unaomba kuanguka? Hapana. Unalinda uzima wako. Karatasi hii, vilevile, inalinda wale unaowaacha.

Tuseme sasa vitu vya kuandika.

Kwanza, mahali. Kama unataka kuzikwa hapa unapoishi, andika. Kama unataka kurudishwa ku mugini, andika pia feza ya safari itatoka wapi. Mapenzi bila feza ni muzigo kwa mujane.

Pili, mutu. Chagua mutu moja, na mwingine wa kumusaidia, wa kuongoza kilio. Ita bibi, ita wakubwa wa pande mbili, uwaambie majina mbele ya wote. Mu kampi zetu kuna makabila yanayofuata ukoo wa mama, kama Balamba na Basanga, na mengine yanayofuata ukoo wa baba, kama Baluba. Usipoacha neno, kila upande utakuwa na haki yake, na sanduku litangoja katikati.

Tatu, kiasi. Siku ngapi za matanga? Sanduku la namna gani? Sare ya kitambaa inahitajika, ao hapana? Mutu akiandika kwa mukono wake "siku tatu, sanduku la kawaida, hapana sare", hakuna atakayesema bibi ni mubaya ao mubahili. Ile sentensi moja inaweza kuacha chakula cha miezi mu nyumba.

Ine, karatasi. Weka pamoja mu mufuko moja: kontra, fishi ya mshahara, namba ya CNSS, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mujane na yatima wa mufanyakazi aliyeandikwa CNSS wanaweza kuomba haki zao, lakini bila karatasi wanazunguka ku biro hata kuchoka. Wengi wetu tumeoa kwa desturi tu. Ndoa ya desturi iandikishwe ku komini wakati wawili wangali wazima.

Tano, urithi. Sheria ya Familia ya mwaka wa 1987, iliyobadilishwa 2016, inasema watoto njo wariti wa kwanza, na fungu lao ni robo tatu. Watoto wa inje waliotambuliwa na baba yao wamo. Mujane ana haki ya kuendelea kukaa mu nyumba waliyoishi. Kwa hiyo, anayemutosha inje kisha siku tatu anavunja sheria. Na testama ya mukono inakubaliwa, basi iandike yote kwa mukono wako mwenyewe, weka tarehe, tia sinyatire.

Kwa feza, likelemba ya matanga inasaidia, zaidi kwa wachimbaji wa mukono. Watu 20 wakitoa franka 5 000 kila mwezi, mwaka unaisha na franka 1 200 000. Kitabu kiandikwe, sanduku liwe na funguo mbili kwa watu wawili, na isikopeshwe kwa mambo mengine.

Na ukumbusho? Wengine wanataka kaburi ya simenti na karo, na karamu ya kumaliza matanga. Si vibaya, kama feza iko. Lakini umeruhusiwa kuandika: "Mutie musalaba na jina langu, feza inayobakia ilipe shule ya mutoto wa mwisho." Kila mwaka akipanda darasa, mu nyumba watataja jina lako.

Yule asiyejua kuandika vizuri, amuone delege wake. Tutakaa naye, bila kulipa. Kopi moja ibakie kwa bibi, ingine kwa mutu aliyechaguliwa. Na kila mwaka ukipata mutoto, ukihama ao ukibadilisha kampuni, ifungue tena na uiandike upya.