Mbwa aliyefungwa kizazi asirudishwe langoni mapema

Wengi wetu huku Pwani mbwa tunamfuga kwa ulinzi. Halali ndani, chakula anapewa uani, usiku anafunguliwa. Kwa hiyo mbwa jike akipelekwa kwa daktari wa mifugo kufungwa kizazi, jioni ile ile anarudishwa kazini kana kwamba alikwenda kudungwa sindano tu. Hapo ndipo mbwa wanapoharibika.

Mshono unaouona ni wa juu. Daktari amepasua ngozi na ukuta wa tumbo, akatoa vifuko vya mayai na mara nyingi kizazi chenyewe, kisha akashona tabaka kwa tabaka. Ule wa ndani ndio unaozuia matumbo yasitoke. Ngozi huchukua siku 10 hadi 14 kushikana, lakini mbwa huanza kuchangamka siku ya pili au ya tatu. Akirukia geti siku hiyo, uzi unaweza kukatika.

Basi mfungie stoo au bandani, pawe pakavu na penye hewa, juu ya kitambaa safi, si mchangani. Atoke kwa kamba kwenda haja, arudi. Mwizi atangoja.

Jeraha litazame asubuhi na jioni. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo siku za mwanzo si neno. Usilioshe. Najua wazee wetu wanayaamini maji ya bahari, lakini mshono mbichi hautaki maji yoyote, wala spiriti, majivu au oili chafu ya gari. Jeraha likiwa na majimaji, nzi hutaga mayai, na kwa joto letu funza huonekana ndani ya siku moja.

Asilirambe pia. Mate ya mbwa si dawa, na meno yake hukata nyuzi. Muombe daktari kola ya plastiki ya shingoni. Ukikosa, mvishe fulana kuukuu iliyo safi, miguu ya mbele ipite mikononi, pindo lifungwe mgongoni. Anayechelea najisi avae glovu. Kutazama kwenyewe hakuhitaji kumshika.

Dawa za maumivu za binadamu usimpe. Ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Mpe alizoandika daktari tu.

Ukiona usaha, harufu mbaya, damu inayodondoka, mshono unaoachana, ufizi uliopauka, au akikataa chakula zaidi ya siku moja, mrudishe siku hiyo hiyo. Matumbo yakitokeza, usiyasukume ndani kwa mkono. Yafunike kwa kitambaa safi chenye unyevu, mzuie asiyang'ate, ukodi gari haraka.

Kabla hujaondoka kliniki uliza kama nyuzi za nje ni za kuyeyuka zenyewe. Kama sizo, andika tarehe ya kuzitoa, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14, na hadi siku hiyo mbwa abaki bandani.