Makofi hayamshibishi muuguzi

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia afya ya mgonjwa. Leo tumtazame yule anayemhudumia. Muuguzi aliyeshinda amesimama zamu nzima bila kupata hata glasi ya maji, ni nani anayemuuliza hali yake?

Itakumbukwa kuwa tarehe 23 Machi, 2020, serikali ya Uingereza iliwaamuru wananchi wabaki majumbani kutokana na ugonjwa wa Korona. Haukupita muda madaktari nao wakaanza kufa, na miongoni mwa wa mwanzo walikuwemo Waislamu. Dk. Adil El Tayar, daktari wa upasuaji mwenye asili ya Sudan, alifariki Machi 25. Dk. Abdul Mabud Chowdhury alimwandikia Waziri Mkuu kupitia Facebook, akiomba wafanyakazi wote wa hospitali wapatiwe vifaa vya kinga. Naye alifariki Aprili 8.

Kila Alhamisi saa mbili usiku, wananchi walisimama milangoni mwao wakawapigia makofi wahudumu wa afya. Lilikuwa jambo jema, lakini makofi hayashibishi. Ndipo wengine wakatafuta njia ya kuchangia fedha bila kutoka nyumbani.

Nchini humo ni desturi ya siku nyingi watu kushindana chemsha bongo kwenye baa. Baa zilipofungwa, Jay Flynn, ambaye aliwahi kuendesha baa na huko nyuma aliwahi kulala nje jijini London kwa kukosa makazi, alitangaza kuwa atauliza maswali kupitia intaneti. Alikusudia rafiki zake tu, lakini tangazo lilionekana na kila mtu, wakajitokeza watu kwa maelfu. Kila familia iliketi sebuleni, ikaandika majibu kwenye karatasi na kujisahihisha yenyewe. Hapakuwa na kiingilio, aliyetaka alichangia. Sehemu ya fedha ilikwenda kwa NHS Charities Together, shirika linalounganisha mifuko ya hisani ya hospitali za umma. Mwaka huo huo Jay alitunukiwa nishani ya MBE.

Michango ya aina hiyo ilisaidia kupatikana kwa chakula cha wafanyakazi, vyumba vya kupumzikia na ushauri nasaha kwa walioelemewa na vifo walivyovishuhudia.

Huenda ukauliza, hayo yanahusu nini usafi? Shirika la Afya Duniani linamtaka mhudumu asafishe mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi kama kusafisha kidonda, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Kunawa vizuri kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60. Sasa hesabu, ni mara ngapi kwa siku katika wodi iliyojaa? Ngozi ya mikono hukauka na kupasuka, na mikono yenye mipasuko huuma inapooshwa. Aliyechoka na kuumia huanza kuruka hatua, na vijidudu huhama kitanda hadi kitanda. Hivyo basi, kumpatia muuguzi sabuni, mafuta ya ngozi, chakula na mahali pa kuketi ni kumkinga mgonjwa, ambaye kesho anaweza kuwa mama yako.

Msomaji, jambo hili hata sisi tunaliweza, kwa simu zetu na kundi la WhatsApp la mtaa. Ila zingatia haya:

1. Kwanza waulizeni wafanyakazi wanahitaji nini. Pengine birika la chai na viti vitawafaa kuliko fulana zenye maandishi.

2. Msikusanye viingilio kisha mkampa mshindi fedha hizo. Hapo mnakaribia kamari. Mchango uwe wa hiari, na zawadi, kama ipo, itolewe na mfadhili. Mkiwa na shaka, muulizeni shekhe wenu.

3. Fedha zipokelewe na watu wasiopungua wawili, na jumla itangazwe usiku huo huo.

4. Msaada upitie uongozi wa hospitali, kwa maandishi. Bahasha ya mkononi kwa muuguzi mmoja huzaa upendeleo, na upendeleo ndio mlango wa rushwa.

5. Msisahau wafagiaji, wafuaji mashuka na walinzi. Nao hukutana na maradhi yale yale.

Pamoja na hayo, mchango usigeuzwe kisingizio. Mshahara, glovu na barakoa ni wajibu wa mwajiri, na chemsha bongo haimwondolei wajibu huo. Dk. Chowdhury hakuomba makofi wala sadaka; aliomba kinga.