Kinyonga Mjini: Jua, Matone ya Maji na Udongo wa Kutagia

Mbao nyembamba, wavu wa madirisha na bawaba vyote vinapatikana Kariakoo, na fundi hodari anaweza kuunda kizimba cha kinyonga kwa nusu siku. Shida huanza mnyama akishaingia ndani. Kinyonga ni miongoni mwa reptilia wagumu kufuga, na wengi wanaofia vizimbani hukosa vitu vya kawaida kabisa: jua, maji, wadudu safi na, kwa jike, mahali pa kutagia.

Sheria kwanza. Kinyonga ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata au kumweka nyumbani bila kibali. Wa kuulizwa ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Kumwokota uani na kumfungia chumbani ni kosa, hata nia ikiwa njema.

Anayeonekana zaidi Dar es Salaam ni kinyonga mwenye mikunjo ya ngozi kisogoni, ambaye wanasayansi humwita Chamaeleo dilepis. Huishi vichakani, kwenye ua wa michongoma na miti ya bustani. Wengi humwogopa wakidhani ana sumu. Hana. Akitishwa huvimba, hupuliza na kuachama, na akishikwa anaweza kung'ata, basi.

Chakula chake ni wadudu walio hai: mapanzi, senene, nyenje, viwavi, nzi. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga mwenyewe. Wenye uzoefu huwalisha wadudu hao mboga za majani na karoti kwanza, kisha huwanyunyizia unga wa kalsiamu kabla ya kuwatoa. Mende wa jikoni hafai. Katika majengo yanayopuliziwa dawa mara kwa mara, mende aliyegusa sumu huweza kumdhuru kinyonga anayemmeza.

Kalsiamu nayo haifanyi kazi bila jua. Miale ya urujuanimno ndiyo inayouwezesha mwili kutengeneza vitamini D, na kioo cha kawaida cha dirisha huizuia karibu yote. Hivyo kinyonga anayekaa nyuma ya kioo, hata chumba kikijaa mwanga, hulainika mifupa: miguu hupinda, taya hulegea, ulimi hushindwa kufika kwenye windo. Anahitaji wavu, matawi ya kupanda, jua la asubuhi na kivuli cha kukimbilia.

Maji ya bakuli kwa kawaida hayagusi. Porini hulamba umande na matone ya mvua majanini, kwa hiyo majani ya kizimbani yapuliziwe maji asubuhi na jioni. Macho yaliyodidimia ni dalili ya kupungukiwa maji. Na akae peke yake, kwani kinyonga mwenzake, au hata taswira yake kwenye kioo, humtia hofu ya kudumu.

Jike mwenye mayai anataka uangalizi zaidi. Siku zikikaribia hukataa chakula, hushuka mtini na kuzunguka chini akijaribu udongo hapa na pale. Akipata penye unyevu huingia kichwa mbele, akichimba kwa miguu ya mbele na kusukuma udongo nje kwa ya nyuma, hadi mwili mzima unapotelea shimoni. Kazi hiyo huweza kumchukua siku nzima. Hutaga mayai mengi, mara nyingi kati ya 25 na 50, huyafukia, kisha huondoka amekonda. Mayai hukaa ardhini miezi mitano au zaidi.

Kizimbani awekewe mchanga uliochanganywa na udongo, wenye unyevu, kina cha sentimita 30 hivi, na apewe faragha, maana akitazamwa huweza kuacha kuchimba. Akikosa pa kutagia, mayai hukwama tumboni na yanaweza kumuua. Akishamaliza, apewe maji mengi na wadudu wenye kalsiamu.

Mahitaji hayo yote hayawezi kutimizwa safarini. Mwanzoni mwa 2021 Austria ilitangaza kuwa forodha ya uwanja wa ndege wa Vienna ilikamata vinyonga 74 kutoka Milima ya Usambara, waliopitishwa Ethiopia wakiwa wamefichwa ndani ya soksi na makopo ya aisikrimu. Watatu walikufa, waliobaki walipelekwa bustani ya wanyama ya Schönbrunn. Tanzania ilikuwa imezuia kusafirisha nje wanyamapori hai tangu 2016.

Kwa mkazi wa Kariakoo, Ilala au Upanga, njia bora ya kumtunza kinyonga haihitaji kizimba. Acha kipande cha uwanja bila kukitandaza saruji, panda kichaka, usikipulizie dawa. Ukimkuta jike anachimba, usimpige wala usimwokote: wazuie watoto na paka mpaka amalize na kurudi mtini.