Kisiwa Kilichozimika Mara Mbili

Yakizuka mazungumzo ya maisha bila umeme, hakosi mtu wa kusema kwamba wazee wetu hawakuwa nao na waliishi. Kisiwa cha Unguja kiliijaribu hoja hiyo mara mbili. Mei 21, 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima na ukarejea Juni 18. Desemba 10, 2009 ukakatika tena, na safari hiyo giza likaendelea hadi Machi 2010. Waliopitia miezi ile hawakurudi kwenye maisha ya wazee wao. Walikosa ya sasa, na ya zamani hawakuyakuta.

Tangu 1980 Unguja ilikuwa ikiletewa umeme kutoka Bara kwa njia moja tu: waya wa chini ya bahari wa kilovolti 132, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, wenye uwezo wa kupitisha megawati 45. Umeme huo ulikuwa nafuu kuliko wa dizeli, kwa hiyo mitambo ya zamani ya kisiwani ikaachwa ichakae. Nyaya zikafika vijijini, hoteli zikaota ufukweni, mahitaji yakapanda mwaka hadi mwaka. Waya ukabaki ule ule, ukizeeka. Giza la 2008 lilionekana la ghafla, lakini liliandaliwa kwa karibu miaka 30, na halikumsumbua mtu kwa kuwa taa zilikuwa zikiwaka. Kisiwa jirani cha Pemba, kilichokuwa bado kinategemea mitambo ya dizeli ya Wesha, yenye gharama na kelele zake, hakikuguswa.

Taa si kitu cha kwanza kuuma, maana kibatari na mshumaa hupatikana duka la jirani. Kilichouma ni maji. Katika utawala wake uliokwisha 1888, Sultani Barghash wa Zanzibar aliyaleta mjini maji ya chemchemi ya Bububu kwa mabomba, yakiteremka yenyewe bila mashine. Mji uliokua baadaye hunywa maji ya visima virefu yanayovutwa kwa pampu za umeme. Pampu ziliposimama, mifereji ya majumbani ikakauka, na kina mama na watoto wakashika njia na madumu yao. Visima vya mitaani ndivyo vilivyotarajiwa kuokoa jahazi, lakini kisima kilichotelekezwa hakifufuki kwa siku moja: taka zimejaa, kuta zimemeguka, na hatua chache kutoka hapo jirani amechimba choo. Mzee wa zamani hakuwa na pampu, lakini kisima chake alikuwa akikisafisha.

Kazi nazo zikafuata njia hiyo hiyo. Mvuvi aliyezoea barafu hakuwa tena na muda wa kungoja bei. Samaki wa asubuhi ilimpasa amwondoe kwa chochote atakachopewa. Wazee walianika ng'onda, lakini hayo ni maarifa yanayohitaji chumvi, nafasi na wanunuzi waliozoea, na soko halibadili mazoea kwa wiki nne. Fundi wa kuchomelea, kinyozi, muuza juisi baridi na mwenye kinu cha kusaga walikaa na mashine zisizoingiza hata senti. Hoteli na maduka makubwa yaliwasha majenereta, na aliyeweza kununua mafuta kila siku akaendelea na biashara yake. Giza liliwafunika wote, lakini hasara ilichagua wa kumwangukia.

Hasara hiyo ilifika hata matumboni. Mchumi Alfredo Burlando alichambua kumbukumbu za uzazi za baada ya giza la 2008, akakuta kwamba watoto waliokuwa katika miezi ya mwanzo ya mimba wakati huo walizaliwa na uzito pungufu, kwa wastani wa gramu 75 hivi. Sababu aliyoiona ni kupungua kwa kipato. Mkate uliokosekana mwezi Juni ulionekana kwenye mizani ya wodi ya wazazi miezi kadhaa baadaye, umeme ukiwa umesharudi na watu wakidhani mambo yamekwisha.

Tangu wakati huo Unguja imepata majenereta ya akiba Mtoni na, mwaka 2013, waya mpya wa megawati 100 uliogharamiwa na Marekani. Pemba nayo iliunganishwa na Tanga mwaka 2010. Hayo ni maendeleo, lakini visiwa vyote viwili sasa vinauangalia umeme upande mmoja, ng'ambo ya bahari, na waya mpya nao huzeeka. Usalama wa kisiwa haupimwi kwa megawati peke yake. Upimwe kwa maswali ya kawaida: pampu ngapi za maji zina jenereta au umeme wa jua, visima vingapi vya mitaa vinasafishwa kila mwaka, diko gani lina namna ya kuhifadhi samaki bila barafu. Majibu yake hayagharimu kama waya wa baharini, na ndiyo maana huahirishwa kwa urahisi kila bajeti inapopangwa.